phpList haitumi barua? Tafuta kwanza imekwama kituo gani

Swali ninaloletewa mara nyingi kuliko yote kuhusu phpList, programu ya kutuma majarida ya barua pepe, ni hili: "Nimesakinisha phpList, nimeandika jarida, nimebonyeza kutuma, hakuna aliyelipata." Nikimuuliza mtu amefanya nini tangu hapo, jibu karibu kila mara ni kwamba amefuta kila kitu akasakinisha upya, tena si mara moja. Sijawahi kuona kusakinisha upya kukitatua tatizo la aina hii. Kunakupotezea tu kumbukumbu ambazo zingekuonyesha kosa lilipo.

Jarida la barua pepe husafiri kama kifurushi cha basi. Kuna ofisi inayokipokea na kukiandika, nayo ni phpList yenyewe. Kuna basi linalokibeba, yaani seva ya barua ya hostingi yako (kampuni inayokukodisha seva). Halafu kuna stendi kinakoshushwa: Gmail, Yahoo au seva ya ofisini kwa msomaji, ambayo huamua kukiweka kikashani, kukitupa kwenye folda ya taka au kukikataa kabisa. Hugombani na watu wa stendi ya Mbeya kabla hujauliza kama mzigo ulitoka Dar.

Kila kituo kina daftari lake. Cha kwanza, ingia phpList, menyu ya System, kisha Log of events. Cha pili, kama uko kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hostingi), fungua Track Delivery upande wa barua pepe. Cha tatu, ifungue barua iliyofika Gmail kwenye kompyuta na uchague Show original. Soma hayo matatu kwa mpangilio huo kabla hujagusa mpangilio wowote.

Maelezo haya ni ya phpList kwenye hostingi ya pamoja yenye cPanel, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoanzia. Ukiwa na seva yako mwenyewe mantiki ni ileile, ila madaftari yanakaa kwingine. Na kabla ya lolote, pakua nakala ya `lists/config/config.php`, faili la mipangilio ya phpList, na nakala ya hifadhidata nzima kupitia phpMyAdmin, chombo cha kusimamia hifadhidata. Ni kazi ya dakika tano.

## Ukurasa mweupe, au kosa 500

Chanzo cha kwanza ni wewe mwenyewe: umehariri `config.php` na umeacha alama ya kunukuu au nuktamkato. Ndani ya folda ya `lists` au `lists/admin` tafuta faili linaloitwa `error_log`, nenda mstari wa mwisho kabisa. Litakutajia faili na namba ya mstari. Mara nyingi kosa liko mstari ulio juu ya huo uliotajwa.

Kama hujagusa kitu na jana tovuti ilikuwa nzima, shuku toleo la PHP. Watoa huduma hulipandisha, na phpList ya zamani haielewani na PHP mpya. Kwenye MultiPHP Manager ndani ya cPanel rudisha toleo la awali kwa muda, kisha panga kusasisha phpList. Usiishi na PHP ya zamani.

Kuna lingine la kuudhi: unaweza kuingiza nywila sahihi ukarudishwa palepale, huku daftari likisema "headers already sent". Hapo kuna nafasi tupu au mstari mtupu kabla ya `<?php`, au faili limehifadhiwa na programu ya Windows iliyoweka alama isiyoonekana mwanzoni. Lihariri ndani ya cPanel kwenyewe, futa kilicho mbele ya `<?php`, hifadhi.

Simama hapa ukikuta mafaili ya PHP usiyoyajua yenye majina ya ajabu, au `index.php` inayoanza na mstari mrefu wa herufi zilizovurugika. Seva imeingiliwa. Usifute kitu, maana fundi atahitaji ushahidi huo. Badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine, kisha mwite mtu. Orodha ya wasomaji ikiwa imevuja, hilo ni suala la kisheria pia: Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna pale madhara kwa wahusika yanapokuwa ya kweli. Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022 na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

## Haiunganishwi na hifadhidata

Dawa ni ileile karibu mara zote. cPanel huweka jina la akaunti yako mbele ya jina la hifadhidata na la mtumiaji. Uliandika `jarida`, cPanel ikatengeneza `akaunti_jarida`. Nakili majina kamili kama yanavyoonekana pale, usiandike kwa kukumbuka. Likiwa sawa, hakikisha mtumiaji ameongezwa kwenye hifadhidata hiyo na kupewa ruhusa zote. Kumuunda mtumiaji hakumpi ruhusa. Kisha angalia nywila: yenye alama ya `$` ndani ya nukuu mbili huharibika, itie kwenye nukuu moja.

## Inasema imetuma, hakuna kilichofika popote

Fungua `config.php` utafute mstari huu:

`define('TEST', 1);`

Ukiwa 1, phpList haitumi barua hata moja. Inaigiza tu. Waliiweka hivyo makusudi ili mtu asije akatuma barua kwa watu elfu kabla hajasoma mipangilio yake. Weka 0. Mimi mwenyewe usiku wa kwanza nilikaa hadi saa nane nikibadilisha mipangilio ya DNS (rekodi zinazoelekeza jina la tovuti), na huu mstari ulikuwa pale unanitazama. Usicheke, utafika.

Kama TEST tayari ni 0, nenda kituo cha pili. Track Delivery haina chochote? Basi phpList haijafika kwenye basi. Angalia mambo haya:

- Anwani ya seva ya barua kwenye `PHPMAILERHOST`. Jina la kwenye cheti cha usalama ndilo litumike, na si kila mara linaanza na `mail.`
- Poti na usimbaji viendane: 465 kwa `ssl`, 587 kwa `tls`. Ukichanganya, muunganisho huning'inia mpaka muda uishe.
- Kosa lenye namba 535 maana yake jina au nywila ya sanduku si sahihi. Jina la mtumiaji ni anwani nzima ya barua pepe, si kipande cha kabla ya @.
- Umekodi seva yako mwenyewe na kila poti inagoma? Watoa huduma wengi hufunga poti 25, na wengine hufunga hata 465 na 587, ili kuzuia watuma taka. Hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa. Waandikie wafungue, au tumia huduma ya kupeleka barua ambayo ina poti mbadala kama 2525.

## Jaribio linafika, lakini kampeni haisogei

Barua ya jaribio huenda moja kwa moja, kampeni huingia foleni. Kwa hiyo kufika kwa jaribio kunathibitisha basi ni zima, tatizo liko ofisini.

Kwanza, foleni haina anayeisukuma. Ukiisindika kwa kubonyeza kwenye brauza, ukifunga kompyuta nayo inasimama. Unahitaji kazi ya kroni, yaani amri ambayo seva huiendesha yenyewe kwa ratiba. Kwenye cPanel fungua Cron Jobs, weka kila dakika tano, na amri kama hii, ukibadilisha `akaunti` kwa jina lako:

`/usr/local/bin/php /home/akaunti/public_html/lists/admin/index.php -pprocessqueue -c /home/akaunti/public_html/lists/config/config.php`

Mtego ulipo: PHP inayoendeshwa na kroni inaweza kuwa toleo tofauti na ile ya tovuti. Kroni ikigoma huku tovuti ikifanya kazi, andika njia kamili ya toleo unalotaka, mfano `/opt/cpanel/ea-php81/root/usr/bin/php`. Weka barua pepe yako juu ya ukurasa wa Cron Jobs ili makosa yakujie.

Pili, saa. Kampeni ina sehemu ya kuizuia hadi wakati fulani, na seva nyingi husoma saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Umepanga jarida litoke 08:00, linatoka saa tano asubuhi. Weka kwenye `config.php`:

`define('SYSTEM_TIMEZONE', 'Africa/Dar_es_Salaam');`

Na kuna saa nyingine ambayo mpangilio hauwezi kuitibu. Katibu wa chama kimoja cha wafugaji nilichokuwa nakisaidia alipanga bei za maziwa zitoke "saa mbili asubuhi", akaandika 02:00. Zikatoka saa nane usiku. Wasomaji walidhani tumeingiliwa.

Tatu, ujumbe unaosema mchakato mwingine bado unaendelea. Usindikaji uliopita ulikatika njiani ukaacha kufuli. Subiri dakika kadhaa, mara nyingi litajifungua. Likigoma nusu saa nzima, safu yake iko kwenye jedwali la `phplist_sendprocess`. Kama hujawahi kufuta safu ndani ya phpMyAdmin, usianzie hapo. Mwachie anayejua.

## Inatoka, inaishia kwenye taka

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo vuta kiti. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti. Kila anayetuma Gmail lazima awe na SPF (rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, yaani domain) au DKIM (saini ya kidijitali ya barua), na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku lazima awe na vyote viwili pamoja na DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikianguka ukaguzi huo), na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Usijifariji kwamba orodha yako ni ndogo. Weka vyote vitatu tangu mwanzo.

Anza na kisicho na gharama: anwani ya mtumaji. Ukiandika kwamba jarida linatoka `chamachetu@gmail.com` au anwani ya Yahoo huku likitumwa na seva yako, unajifanya Google au Yahoo, na wao wanajua siyo wewe. Yahoo walianza kuagiza barua za namna hiyo zikataliwe tangu 2014. Tumia anwani ya kikoa chako. Hili pekee limetibu nusu ya kesi nilizoletewa.

Kisha tuma jaribio Gmail, fungua Show original. Juu kabisa utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukiwa na PASS au FAIL. Fuata ulioanguka.

SPF imeanguka. Karibu daima ni rekodi mbili. Hostingi iliweka ya kwake, huduma nyingine ikakupa ya pili, ukaiongeza chini yake. Kikoa kina haki ya rekodi moja tu ya SPF, ukiwa na mbili zote zinabatilika. Ziunganishe ziwe mstari mmoja unaoanza na `v=spf1` mara moja na kuishia na `~all` mara moja. Na usirundike `include`: kikomo cha utafutaji wa DNS ndani ya SPF ni 10, ukivuka inaanguka hata kama kila neno ni sahihi.

DKIM imeanguka. Fungua Email Deliverability ndani ya cPanel. Ikikuonyesha kitufe cha kurekebisha, kibonyeze. Kisipofanya kazi, DNS yako haikai kwenye hostingi hiyo, labda iko Cloudflare au kwa msajili wa kikoa. Nakili rekodi kutoka cPanel ukaibandike kule kwa mkono. Ni ndefu, na ikipotea herufi moja haifai kitu.

DMARC haipo. Ongeza rekodi ya TXT yenye jina `_dmarc`:

`v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@kikoa-chako`

Anza na `none`. Ukikimbilia `reject` kabla hujajua ni nani wote wanatuma kwa jina la kikoa chako, utazifungia nje ankara za mhasibu.

Zote ni PASS na bado ni taka. Tazama kikoa kilichoandikwa kando ya PASS. SPF inaweza kupita kwa kikoa cha hostingi na si chako, na DMARC haitaihesabu. Kama ni chako, nenda kwenye orodha yenyewe. Hapa nasema bila kupindisha: anwani zilizonunuliwa, zilizokusanywa kwenye karatasi za mahudhurio ya semina au kunyofolewa kwenye makundi ya WhatsApp ndizo zinazokuua. Watu hao wakibonyeza kitufe cha taka, Gmail inahesabu, na kiwango cha malalamiko hakitakiwi kufika asilimia 0.3. Hiyo ni watu watatu kati ya elfu. Tuma kwa waliojiandikisha na kuthibitisha tu, na kama kikoa ni kipya, anza na mamia machache ya wale wanaokujua.

Simama hapa kwenye mambo mawili. Moja, usiguse rekodi za MX hata mwongozo mmoja ukikuambia ujaribu. Hizo zinapokea barua za ofisi nzima, na ukizivuruga simu ya bosi itakufikia kabla ya kosa lenyewe. Mbili, ukiitafuta IP ya seva kwenye Spamhaus, orodha ya wanaotuhumiwa kutuma taka, ukaikuta imeorodheshwa, na seva ni ya pamoja, huenda ni jirani yako aliyechafua. Huwezi kuisafisha wewe. Mwandikie mtoa huduma, na asipojali hama.

## Inatuma kidogo halafu inakatika

Hostingi ya pamoja ina kikomo cha barua kwa saa. Ubaya ni kwamba phpList inaweza isijue. Inakabidhi barua, inaandika "imetumwa", na seva inazitupa. Track Delivery ndiyo itakayokuambia, kwa maneno "has exceeded the max emails per hour".

Uliza kikomo chako kwa maandishi. Tuseme ni 200. Usiweke 200, maana barua za kawaida za ofisi zinakula kwenye kikapu hichohicho. Weka:

`define('MAILQUEUE_BATCH_SIZE', 150);`
`define('MAILQUEUE_BATCH_PERIOD', 3600);`

Kwa wasomaji 1,200 hiyo ni kama saa nane. Ni sawa, jarida si taarifa ya habari.

Ambao barua zao zilitupwa hawatapata tena hata ukiendeleza foleni, kwa kuwa phpList imeshawahesabu. Chukua anwani zao Track Delivery, ziweke kwenye orodha ndogo ya muda, uwatumie nakala.

## Wengine wanapata, wengine hawapati

Mtafute mmoja wa wasiopata ndani ya Subscribers. Kama hajathibitisha, phpList haimtumii, na hiyo ndiyo kazi yake. Kama yuko kwenye orodha ya waliozuiwa, huenda aliwahi kujiondoa. Usimrudishe kimyakimya, muulize. Kama hayumo kwenye orodha uliyoichagua, uliingiza CSV (faili la orodha ya majina na anwani) bila kuweka tiki kwenye orodha hiyo.

Wakikosa wote wa ofisi moja, tatizo ni seva ya ofisi hiyo. Omba mtu wao wa TEHAMA akiruhusu kikoa chako.

## Viungo vinapeleka kusikojulikana

Config, kisha Settings: anwani ya tovuti iandikwe bila `http://`. Ukihama kutoka `lists` kwenda folda nyingine, `$pageroot` nayo ibadilike. Picha zikikosekana, anwani zake zinaelekeza kwenye faili la kompyuta yako, si kwenye seva.

## Ng'ombe anageuka ngâ€™ombe

Kiswahili hakina herufi nyingi za kutusumbua, ila hii ng' inatosha. Word hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa ya kupinda, na hiyo ndiyo inayovurugika. Kwenye maandishi ya jarida dawa ni kubandika kama maandishi matupu. Kwenye majina, kosa hutokea hivi: CSV imetoka Google Sheets ikiwa nzima, mtu anaifungua Excel kwa kubofya mara mbili, tayari Ng'wandu ameharibika, anahifadhi, anaipandisha. Ipandishe faili kama ilivyotoka, usiipitishe Excel. Ukilazimika, ifungue kwa menyu ya Data na uchague UTF-8, kisha uihifadhi kama CSV UTF-8. Yaliyoharibika ndani ya hifadhidata usijaribu kuyageuza kwa amri ya SQL uliyoiokota mahali. Ingiza upya CSV safi, ukiruhusu taarifa zilizopo zibadilishwe.

## Ukimpigia fundi

Mpe toleo la phpList na la PHP, mistari kumi ya mwisho ya `error_log`, ukurasa wa Track Delivery kwa barua moja iliyokwama, na Show original ya moja iliyofika. Mwambie na ulichobadilisha, hata kile unachokionea aibu. `config.php` usimtumie kwa WhatsApp ikiwa na nywila ndani. Zifiche kwanza.